Barua za Mkono za Waandishi Wetu

Wahenga walinena kwamba barua ni nusu ya kuonana. Waandishi wetu wakubwa wa zamani wamekwisha kufariki. Kwa hiyo nusu hiyo ndiyo tuliyobakiwa nayo.

Tutazame mfano wa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha. Alipokuwa mbali na jamaa zake, alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, naye hakuzitupa. Barua za tangu 1931 hadi 1958 zilihifadhiwa, hata zikapigwa chapa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, kwa uhariri wa M. M. Mulokozi. Miaka arobaini ilikuwa imepita tangu mwandishi azikwe.

Faida yake ni nini? Katika Maisha Yangu, Shaaban Robert aliteua mambo aliyotaka ulimwengu uyajue. Katika barua alisema na nduguye tu. Sisi hatukuwamo katika mazungumzo yale. Humo mna tarehe, mahali na haja ya siku ile ile.

Tulinganishe na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake zilidumu vifuani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia W. E. Taylor kuzikusanya. Diwani yake ilipigwa chapa mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Habari za tungo hizo tumezipokea kwa vinywa vya wengine, wala si kwa mkono wake.

Ndugu walimu, kazi hii yaweza kuanzia vijijini mwetu. Wako wazee waliopokea nyaraka za washairi, na makasha yao yanaliwa na mchwa. Tuwaendee kwa adabu, tuombe idhini ya jamaa kabla ya kunakili. Tunakili neno kwa neno, bila kusahihisha tahajia, maana kosa la mwandishi nalo ni ushahidi. Bahasha na stempu yake isitupwe, kwani aghalabu ndiyo ionyeshayo tarehe. Hati yenyewe ibaki kwa mwenyewe, ila akipenda kuiweka katika maktaba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Yusuf Ulenge alilijua hilo, nasi leo twasoma.