Maziwa yalitangulia, tumbo likafuata

Wapenzi wa mashairi wanamjua Mathias Mnyampala kwa ngonjera. Wachache wamesoma kitabu chake cha 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, barabara ya kwenda Morogoro, na ndani ya kitabu hicho alifanya kazi ambayo mimi, mwandishi wa habari, naionea wivu. Alikusanya masimulizi ya koo: huu ulitoka wapi, ule ulikuja na nani. Ukimaliza kusoma unabaki na jambo moja kichwani: Wagogo hawakutoka mahali pamoja. Walikuja kutoka pande mbalimbali, wakakutana kwenye nchi kame yenye ng'ombe.

Yupo shahidi mmoja ambaye Mnyampala hakuweza kumhoji. Anakaa tumboni.

Mtoto huzaliwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kilichojishika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Kazi yake ni kukata laktosi, sukari ya maziwa, iwe vipande viwili: glukosi na galaktosi. Laktosi ikiwa nzima haipiti kuingia kwenye damu. Mwaka 1894 Mjerumani Emil Fischer alifananisha kimeng'enya na kile kinachokatwa na kufuli na ufunguo wake, na walimu wa baiolojia wameung'ang'ania mfano huo mpaka leo. Unaeleza vizuri kwa nini laktesi haihangaiki na sukari ya miwa. Ila mimi naona shoka linafaa zaidi: linapasua kuni, lenyewe linabaki zima, linahamia kuni nyingine.

Mtoto akishaacha kunyonya, mwili hupunguza kutengeneza laktesi. Ndama hivyo hivyo, na watu wazima wengi duniani hivyo hivyo. Laktosi isiyokatwa inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaivamia, na hapo ndipo gesi, tumbo kunguruma, kuharisha.

Lakini wapo watu ambao jeni yao haizimi. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walionyesha alama inayohusika kwa watu wa Ulaya. Je, huku kwetu? Sarah Tishkoff na wenzake waliwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan: unakunywa maji yenye laktosi, halafu damu inapimwa kuona kama sukari imepanda. Matokeo yalichapishwa 2007. Alama ya Ulaya siyo iliyoeleza hali ya wafugaji wa huku. Iliyoenea Kenya na Tanzania ni nyingine kabisa: herufi moja ya DNA, G, imegeuka C, umbali wa herufi 14,010 kabla ya jeni ya laktesi, ndani ya jeni jirani. Herufi moja tu, bwana! Na haikuazimwa Ulaya, ilizuka yenyewe.

Sasa linganisha na vigae. Luxmanda, kwenye uwanda wa Mbulu mkoani Manyara, waliishi wafugaji miaka kama 3,000 iliyopita. Mabaki ya mafuta yaliyonasa kwenye vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania yanaonyesha kwamba maziwa yalitumika. Lakini mwaka 2019 ilichapishwa DNA ya watu 41 wa kale kutoka nchi hizo mbili, wengi wao wafugaji, na alama ile ilipatikana kwa mmoja tu, aliyezikwa pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, miaka kama 2,000 iliyopita. Yaani kwa karne nyingi watu walikamua ng'ombe huku matumbo ya wengi wao yakiwa hayajawa tayari.

Waliwezaje? Jibu langu ni kibuyu. Maziwa yakilala kibuyuni, bakteria wanaoyagandisha wanakuja na kimeng'enya chao wenyewe cha kukata laktosi. Sehemu ya kazi inakwisha kabla hujanywa, na bakteria wengine wanaendelea nayo utumboni. Aliyegundua kuosha kibuyu asikiondoe kabisa kile chachu hakuacha jina, na kibuyu chenyewe huoza, hakiachi kigae cha kuchimbua.

Nawaomba wanaopenda kupima ukabila kwa damu watulie hapa. Katika utafiti ule wa 2007, nusu ya Wahadzabe waliopimwa waliweza kukata laktosi, nao ni wawindaji, hawafugi. Herufi hiyo imetembea kwa ndoa na ujirani kama zilivyotembea koo za Mnyampala. Haimtaji Mgogo wala Mmaasai.

Ihumwa ya leo ina bandari kavu, na Mji wa Serikali uko jirani pale Mtumba. Dukani kuna maziwa ya paketi yanayokaa miezi. Yamechemshwa kwa joto kali, bakteria wamekufa, laktosi imebaki karibu yote: glasi moja ni gramu kama 12. Kwa mtu ambaye jeni yake imezima, hayo ni magumu kuliko mtindi wa bibi yake. Tena ukiyafungua na kuyaacha mezani hayagandi vizuri, yanaharibika tu. Ukitaka yawe mtindi, lazima utie kijiko cha mtindi wa jana.