Damu ya Kuku Ni Shahidi

Hapa Busia na Malaba wengi huficha kuku wakisikia bwana mifugo anakuja kupima damu. Husema kuku akidungwa atakufa au ataacha kutaga. Leo nakueleza kipimo hiki kilitoka wapi.

Mwaka 1941, mtafiti George Hirst wa Marekani aligundua kwamba virusi vya mafua hushikanisha chembe nyekundu za damu ya kuku. Damu yenye kingamwili, yaani askari wa mwili waliokwisha kupigana na virusi hivyo, huzuia kushikana huko. Tangu hapo damu ikawa shahidi wa ugonjwa uliopita. Kideri, kilichoonekana Kenya mwaka 1935, nacho hupimwa kwa njia hiyo.

Pengine unauliza, muuguzi ana haja gani na kuku? Mwaka 1997, huko Hong Kong, homa ya ndege ilitoka kwa kuku ikaingia kwa watu. Watu 18 waliugua, 6 wakafa. Februari 2006 ikafika Nigeria. Januari 2017 aina nyingine ya homa hiyo ikapatikana kwa jirani zetu Uganda, kwa ndege wa porini na kuku wa nyumbani. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Kwa mama anayeuza mayai mpakani, karo ya watoto ilikuwa mashakani.

Sasa, kipimo chenyewe. Kuku hulazwa ubavu, bawa likakunjuliwa, mshipa ukaonekana. Kwa sindano ndogo hutolewa mililita 1 au 2 tu. Kuku wa kilo 1 ana damu kama mililita 70. Pamba hukandamizwa hapo kwa dakika moja, kisha kuku huachiliwa.

Usimkimbize kuku mchana. Mshike alfajiri akiwa bado bandani. Kama amechanjwa, sema, kwa maana chanjo pia huacha kingamwili. Ikiwa anaugua sasa, atapanguswa kooni kwa pamba, maana damu huenda bado haijatoa ushahidi.

Msikilizaji, kuku wakifa ghafla usiwale, usiwauze, wala usiwavushe kwa njia za panya. Mwite bwana mifugo, na unawe mikono kwa sabuni. Kuwalinda kuku wako ni kuwalinda watoto wako.