Kinyozi Hajinyoi: Fedha ya Saluni Katika Umri wa Makamo

Mwanamke aliyetimiza miaka hamsini, mwenye ada ya mtoto wa mwisho na dawa za presha za mama yake vya kulipia, hujiuliza mara nyingi kama fedha anayoiacha saluni kila baada ya wiki kadhaa ina maana yoyote. Wapo wanaomwambia ni upotevu, kwamba bibi zetu walizeeka na vichwa vyao vikiwa nadhifu bila kulipa senti. Wapo wanaomwambia kuwa mwanamke asiyekwenda saluni amejikatia tamaa. Sikubaliani na upande wowote kati ya hizi mbili, na sababu yangu iko katika historia ya kazi yenyewe. Saluni za Afrika Mashariki zinauza vitu viwili chini ya paa moja. Kimoja ni cha kale, nacho ni mikono ya mtu anayeijua kazi. Kingine kimekuja juzi tu, nacho ni ratiba inayopangwa na dawa ya kulainisha nywele. Cha kwanza kinastahili fedha ya mtu wa makamo, pengine kuliko hata ya msichana. Cha pili hakistahili, na inasikitisha kwamba wanawake wengi wanakilipia wakidhani wanalipia cha kwanza.

Tuanze na mikono. Siku hizi tukisema kinyozi hajinyoi huwa tunazungumzia mambo mengine kabisa, lakini kabla ya kuwa methali maneno hayo yalikuwa maelezo ya kweli kuhusu kichwa. Mtu haoni kisogo chake, na mkono wake haufiki huko vizuri. Ndiyo maana jamii zetu zilikuwa na utaratibu wa nani amshike nani kichwa, na lini. Morani wa Kimaasai aliyefuga nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu kwa miaka, siku ya eunoto, sherehe ya kuuaga umorani, hukaa chini akanyolewa na mama yake, na hapo ndipo njia yake ya kuelekea uzee inapoanza. Rwanda palikuwa na amasunzu, nywele zilizokatwa kwa mikunjo kama mwezi mwandamo, zikivaliwa na wanaume na wasichana waliofikia umri wa kuolewa. Kwa Waislamu wa pwani mtoto hunyolewa siku ya saba, na katika jamii nyingi za bara wafiwa walinyolewa baada ya maziko. Kote huko nywele zilifuata umri, na kila hatua ya umri ilipitia katika mikono ya mwingine. Kwa hiyo dhana kwamba kutunzwa nywele ni jambo la wasichana, na kwamba mtu mzima anapaswa kuliacha, haina mizizi hapa kwetu. Umri ulibadilisha mtindo. Haki ya kushikwa kichwa ilibaki palepale.

Kwa wanawake wa pwani na miji yake kazi hiyo ilikuwa ya msusi, na mahali pake palikuwa uani. Anayesukwa huketi chini kwenye mkeka, msusi juu ya kigoda, kichwa kikiwa katikati ya magoti yake. Mafuta ya nazi hupashwa joto kwa kusuguliwa viganjani, nywele huchambuliwa kwa chanuo kuanzia nchani kuelekea kwenye shina ili zisikatike, ndipo ncha ya kitana inapopasua njia. Twende kilioni, mistari inayoanzia kwenye paji la uso na kunyooka hadi kisogoni, ni msuko mwepesi usio na madoido, na jina lake linajieleza: unasukika upesi hata kwa mtu anayewahi msibani. Msuko ukikaa wiki mbili hivi hufumuliwa, kichwa huoshwa, kikapumzishwa kabla ya kusukwa tena. Ulikuwa ni mpango wa mara kwa mara kama huu wa saluni, ila kipimo chake kilikuwa hali ya nywele na ngozi ya kichwa.

Hapa ndipo wanapokuja wale wa bibi zetu hawakulipa senti. Kweli, senti hazikutolewa kila mara, lakini kazi ile haikuwa ya bure. Ililipwa kwa saa, na saa zenyewe zilikuwa za wanawake. Leo mimi nakusuka wewe, kesho wewe unanisuka mimi au unanitwangia mpunga, na asiye na dada wala jirani wa kumrudishia fadhila alibaki na kichwa chake. Katika nyumba za matajiri wa Unguja wa karne ya 19 mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, watu ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kufunika vichwa vyao kama mabibi zao. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walichukua kanga na baadaye buibui, wakajifunika na kujipamba kama watu huru. Nikiangalia historia hiyo, siwezi kuutamani wakati ambapo msusi hakulipwa. Msusi anayepokea fedha mkononi, akapanga bei yake na kukataa mteja akitaka, ni hatua mbele. Nani leo, mjini, ana saa tatu za alasiri za kumdai jirani? Fedha imechukua nafasi ya deni lile, na kwa mtu wa makamo ambaye dada zake wako miji mingine na binti zake wameolewa, hilo ni jambo la kushukuru.

Ratiba ya dawa ina asili nyingine kabisa. Ilianzia Marekani, miongoni mwa Wamarekani weusi ambao nywele za kipilipili ziliwafungia milango ya ajira. Mwanzoni mwa karne ya 20 Garrett Morgan wa Cleveland, fundi wa cherehani, alianza kuuza dawa ya kunyoosha nywele. Madam C. J. Walker alijenga kiwanda Indianapolis mwaka 1910 na kutajirika kwa bidhaa za nywele alizowauzia wanawake weusi. Mwaka 1954 George E. Johnson alianzisha kampuni Chicago akiwauzia wanaume kwanza, kisha wanawake, na dawa za aina hiyo, nyingi zikitengenezwa kwa magadi makali, zikawa kitu cha kawaida saluni na majumbani. Kwetu mambo ya nywele za kununua yalifika mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulipitisha azimio la kupiga vita mavazi na mapambo ya kigeni, Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, na mawigi yalikuwa kwenye orodha pamoja na sketi fupi na krimu za kujichubua. Azimio halipigi marufuku kitu ambacho hakipo mitaani. Lakini kilichoifanya saluni ienee ni uchumi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni Tanzania. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka, na chini ya Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, maduka ya Kariakoo yakajaa. Kalikiti, mtindo wa nywele zilizokunjwa kwa dawa, ikatawala vichwa, na baada yake makopo ya dawa ya kulainisha.

Dawa hiyo ikishapakwa, nywele iliyobadilika haibadiliki tena, lakini shina linaendelea kuota lilivyoumbwa, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Baada ya wiki sita hadi nane kuna upana wa kidole kimoja hivi wa nywele za kipilipili chini ya nywele iliyolala, na mahali hizo mbili zinapokutana ndipo zinapokatika. Kwa hiyo mteja anarudi, na hana hiari kubwa ya kutorudi. Hapo kawaida ya zamani ilipinduliwa. Msuko ulifumuliwa kwa kuwa kichwa kilihitaji kupumzika. Dawa inarudiwa kwa kuwa ilipakwa mara ya mwisho. Wiki nane zinatoa zaidi ya mara sita kwa mwaka, wiki sita zinakaribia mara tisa. Nimezihesabu kwa sababu Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 wenye umri kati ya miaka 35 na 74 kwa karibu miaka 11, na 378 kati yao walipata saratani ya mji wa mimba. Kwa wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kuwa asilimia 1.64 wangekuwa wameipata kufikia miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti huo umeonyesha uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na hata hiyo asilimia 4 ina maana kwamba wengi hawaugui. Lakini zaidi ya mara nne kwa mwaka, kiwango ambacho watafiti wamekiita matumizi ya mara kwa mara, ni kidogo kuliko ratiba ya kawaida ya saluni zetu. Mwanamke anayelipa kwa uaminifu kila wiki nane ameshavuka.

Wapo watakaosema kwamba mwanamke anayejifunika hana haja na haya yote, kwani nani anaona? Anaona yeye, na wanamwona waliomo nyumbani mwake, na hao ndio pwani imewahesabu siku zote kuwa wa kwanza kupambiwa. Zaidi ya hapo, kichwa kinachofunikwa kutwa nzima kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam kinahitaji kuoshwa na kupakwa mafuta kuliko kilicho wazi. Wengine watasema basi anyoe, amalize. Wengi wa makamo wamefanya hivyo na wamependeza, na gharama ya kila safari imeshuka. Ila sentimita moja kwa mwezi haina huruma na nywele fupi: baada ya wiki tatu mstari wa shingoni umepotea, na hapo kinyozi anahitajika karibu mara nyingi sawa na msusi. Na wigi? Katika bajeti ya mwaka 2019 Tanzania ilitangaza kodi ya asilimia 10 kwa mawigi yanayotengenezwa nchini na 25 kwa ya kutoka nje, hivyo si bei rahisi kama ilivyokuwa, na chini yake bado kuna kichwa kinachohitaji kusukwa.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mwili wenyewe. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka na nywele huwa nyembamba na kavu. Mvi zikija, piko ya dukani mara nyingi ina PPD, kemikali inayoweza kuwasha na kuvimbisha ngozi. Msuko uliovuta sana, ambao binti wa miaka ishirini aliuvumilia, sasa unang'oa. Madhara ya kuvuta yanajulikana tangu zamani: mwaka 1907 daktari mmoja aliandika kuhusu wanawake wa Greenland waliopoteza nywele za pembeni kwa kuzikaza nyuma. Msusi mzuri huyazuia kwa vidole tu. Anaacha nywele za kwenye kipaji zilegee, anaanza mstari nyuma kidogo ya zile changa, anauliza kama inauma na anafumua akijibiwa ndiyo. Ujuzi huo haumo kwenye kopo lolote. Na kama kuna mahali pamenyonyoka kisogoni, duara dogo lililo laini kama kiganja, mwenye kichwa hajui. Msusi ndiye wa kwanza kuligusa, pale anapopasua njia, akasimamisha kitana.