HAL na IBM: hadithi tamu ambayo wenye jina waliikataa

Wapenzi wa filme za anga wanaijua hadithi hii. Chukua jina HAL, la ile ordinatere inayowaua wasafiri katika filme «2001: A Space Odyssey» ya mwaka wa 1968. Sogeza kila herufi hatua moja mbele. H inakuwa I, A inakuwa B, L inakuwa M. Unapata IBM, kampuni ya Marekani iliyotawala biashara ya ordinatere wakati ule. Basi watu wanakata shauri: watengenezaji wa filme walikuwa wanaipiga IBM kijembe kwa siri.

Hadithi ni tamu, na kila mtu anaweza kuihakikisha kwa kuhesabu vidole. Shida ni moja tu: wale waliolitoa jina hilo walisema si kweli. Tulifuate jina lenyewe toka mwanzo.

Ordinatere za kwanza zilipewa majina yaliyounganishwa kwa herufi za mwanzo wa maneno marefu. Mwaka wa 1946 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha ENIAC mbele ya watu. Kisha zikafuata EDVAC, UNIVAC, ILLIAC ya Illinois na MANIAC ya Los Alamos. Ilikuwa kama ukoo mmoja wenye jina la baba mmoja.

Sinema haikukawia kuiga. Mwaka wa 1957, filme «Desk Set» ilileta ordinatere inayoitwa EMERAC katika ofisi ya wanawake wanaotafuta habari kwenye vitabu, na wanawake hao wakaogopa kwamba kazi yao imekwisha. Lakini mtu aliyeiunda alikuwa anaiita Emmy, kama mtu anavyomwita mtoto wake. Hapo tayari unaona desturi: jina rasmi la herufi kubwa, na chini yake jina la binadamu.

Stanley Kubrick, mtengenezaji wa filme, na Arthur C. Clarke, mwandishi, walianza kuandika pamoja mwaka wa 1964. Katika maandishi yao ya kwanza HAL haikuwepo. Kulikuwa na roboti iliyoitwa Socrates, kwa jina la mwanafalsafa wa Ugiriki. Baadaye ikaja ordinatere yenye jina la Athena, mungu mke wa hekima wa Wagiriki wa kale. HAL ilikuja nyuma ya majina hayo.

Clarke alieleza maana yake. Herufi hizo zimetoka katika maneno mawili ya kitaalamu yanayotaja njia mbili za kufikiri za mashine. Ya kwanza ni kutafuta jibu kwa kujaribu na kujifunza kutokana na uzoefu. Ya pili ni kufuata hatua zilizopangwa, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. HAL ilipaswa kuziweza zote mbili. Tena, kwa Kiingereza Hal ni jina la kawaida la mwanaume, kama vile Emmy ni la mwanamke. Desturi ni ileile.

Na IBM? Kampuni hiyo iliwasaidia watengenezaji kwa mashauri. Mwaka wa 1966 Kubrick aliandika barua akiuliza kama IBM inajua kwamba ndani ya filme kuna ordinatere inayorukwa na akili. Alijibiwa kwamba kampuni haina neno, mradi tu jina lake lisiunganishwe na mashine inayoharibika. Mtu anayeficha tusi haendi kuuliza namna hiyo. Mwaka wa 1972 Clarke aliandika kwamba kufanana huko kuliwatia haya, na kwamba wangeliona mapema wangebadilisha jina. Mwaka wa 1982, katika kitabu kilichofuata, alimpa mwanasayansi aliyeiunda HAL kazi ya kukanusha maneno hayo. Uvumi haukusikia.

Sisi tunaotazama filme kwa Kifaransa tuna ushahidi wetu. Katika tafsiri ya Kifaransa ordinatere hiyo haiitwi HAL. Inaitwa CARL, na herufi zake zilitungiwa maneno mengine ya Kifaransa yanayohusu ubongo, uchambuzi, utafiti na mawasiliano. Sogeza herufi za CARL hatua moja: unapata DBSM, neno lisilo na maana yoyote. Watafsiri walihifadhi desturi, yaani herufi za kitaalamu zinazotoa jina la mtu, na filme haikupoteza kitu. Kama siri ya IBM ingekuwa moyo wa jina lile, Wafaransa wangekuwa wameutoa moyo huo na mtazamaji hakuona pengo.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba IBM imo kweli ndani ya HAL, lakini si katika herufi. Mwaka wa 1961, katika maabara za Bell huko Marekani, wataalamu waliifundisha mashine ya IBM 704 kuimba wimbo wa zamani wa mapenzi unaoitwa «Daisy Bell». Clarke alitembelea maabara hizo na akaisikia ikiimba. Miaka michache baadaye, msafiri wa mwisho anapoizima HAL kipande kwa kipande, ordinatere inaimba wimbo huohuo, sauti ikizidi kuwa nzito mpaka inakatika. Anayetafuta alama ya IBM aisikilize HAL ikifa. Hilo ni jambo lililotokea, na lina mashahidi. Lakini wanaolisimulia ni wachache, kwa sababu haliingii katika mchezo wa herufi tatu.

Huku kwetu Kongo tunaijua radio trotwari, ile redio ya barabarani isiyo na antena wala mhariri. Hata yenyewe hupenda habari inayoonekana kujithibitisha: tarehe mbili zimefanana, majina mawili yamekaribiana, basi watu wanasema «unaona?» Na uvumi wa namna hiyo umekwisha kuwafukuza watu nyumbani mwao, ao kumtwika jirani kosa asilolifanya. Wa HAL haukumwaga damu ya mtu, ndiyo maana ni mfano mzuri wa kujifunzia bila hasira.

Kufanana ni sababu ya kuuliza swali. Jibu bado linatafutwa. Kabla ya kupitisha habari, tuulize: mwenyewe alisema nini, aliandika nini, na lini? Kwa HAL majibu yapo toka mwaka wa 1972. Hata hivyo, zaidi ya miaka 50 baadaye, kuna watu wanaoendelea kuhesabu vidole.