Bunduki ya Mwindaji: Bei na Gharama

Msomaji mpendwa, ukisimama katika soko la Kiriaini asubuhi ambayo mawingu hayajashuka, utaiona safu ya Nyandarua upande wa magharibi, na ukigeuka kuelekea kaskazini mashariki utauona Mlima Kenya na kilele chake cheupe. Kiriaini iko Murang'a, lakini barabara yake yaendelea hadi Othaya na Nyeri, na habari za sehemu hizo zimefungamana kama nyuzi za kiondo. Misitu ya milima hiyo miwili imesikia milio ya bunduki za namna nyingi. Katika insha hii nataka tulitazame swali moja lililowasumbua wengi walioingia humo: mtu asiye na fedha nyingi achague bunduki gani?

Pengine utasema kwamba hilo ni swali la dukani, wala si la historia. Ngoja kidogo. Kati ya mwaka 1909 na mwaka 1977 jibu lake lilibadilika mara nyingi, na kila lilipobadilika, maisha ya watu na ya wanyama wa nchi hii yalibadilika pia.

Tuanze na mtu ambaye bei haikumsumbua. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Safari yao iliwafikisha Nyeri, na katika misitu ya Mlima Kenya Roosevelt alimwua tembo wake wa kwanza. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo moja ya mitutu miwili, iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London. Hakuinunua; marafiki zake wa Uingereza walimpa kama zawadi. Safari ilipokwisha, yeye na mwanawe walihesabu wanyama 512 waliowaua.

Kwa nini bunduki ya namna ile ilikuwa ghali? Sababu ni kazi ya mkono. Mitutu miwili iliyounganishwa ubavu kwa ubavu haikubali kupiga mahali pamoja kwa urahisi. Fundi huilinganisha, huijaribu kwa risasi, huilegeza, kisha huilinganisha tena, mpaka risasi zote mbili ziangukie karibu karibu. Tena kila mtutu una mashine yake, hata moja ikikataa, ya pili iko tayari. Mwindaji aliyekabiliwa na nyati katika kichaka hakuwa na nafasi ya kufanya jambo jingine ila kuvuta kidole mara ya pili. Alilipia sekunde ile moja, na mafundi wa London walijua thamani yake.

Walakini wengi wa walowezi na wawindaji wa pembe hawakuwa na marafiki wa kuwapa zawadi za namna ile. Hao waliangalia Ujerumani. Mwaka 1898 Paul Mauser alikamilisha bunduki ya kijeshi yenye komeo: kipande cha chuma kipelekwacho mbele na nyuma kwa mkono, mfano wa komeo la mlango. Komeo likivutwa nyuma hulitoa ganda tupu. Likisukumwa mbele huingiza risasi mpya na kuifungia ndani. Kwa kuwa majeshi yalihitaji bunduki kwa maelfu, mashine za kiwandani zilizifanyiza kwa wingi, na bei ikashuka. Hata mafundi wa London, kama John Rigby, walichukua chuma cha Mauser, wakakitia mtutu na kitako kizuri, wakauza bunduki za kuwindia kwa bei ndogo kuliko zile za mitutu miwili.

Mtu aliyeifanya bunduki hiyo ijulikane sana katika Afrika Mashariki ni Mskoti aliyeitwa W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, kaskazini mwa Uganda, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Wenzake walibeba bunduki nzito zenye kupiga risasi ya gramu 30 na zaidi. Bell alipendelea ndogo ya milimita 7, ambayo risasi yake haikuzidi gramu 11 au 12. Watu walimwona kama mwendawazimu. Lakini Bell alikuwa amefanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: alipasua fuvu la tembo kwa msumeno, akaangalia ubongo umekaa wapi na njia ya kuufikia ni ipi kutoka mbele, ubavuni na nyuma. Basi maarifa yakajaza pengo la uzito. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Na Bell alithibitisha kwamba mwenye kujua kazi hazuiwi na udogo wa chombo.

Hapa nakuomba, msomaji, usiharakishe kushangilia. Risasi ndogo ilikuwa nyepesi kubeba na rahisi kununua, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuua tembo wengi zaidi. Katika maisha yake Bell aliua zaidi ya tembo 1,000. Bei ya bunduki ilikuwa nafuu kwake. Gharama yake iliwaangukia tembo, na baada yao wenyeji wa nchi iliyotolewa utajiri huo.

Nawe waweza kuuliza: je, Mwafrika wa milima hii alichagua bunduki gani? Jibu ni kwamba hakuruhusiwa kuchagua. Wakikuyu walikuwa wakulima na wafugaji, na wengi wao hawakula nyama ya mwitu. Wakamba, majirani zao, walikuwa mahodari wa upinde na mshale wa sumu. Serikali ya kikoloni ilipoweka sheria za wanyama, Mzungu aliyelipa leseni aliitwa mwindaji, na Mwafrika aliyewinda kama baba yake aliitwa mwizi wa wanyama. Tena sheria za silaha zilimzuia Mwafrika wa kawaida asimiliki bunduki yoyote, nzito wala nyepesi. Jambo hili halikuwa la Kenya peke yake. Huko India Waingereza waliwahi kukataza kuingizwa kwa bunduki za kipenyo fulani, hata za wawindaji wao wenyewe, kwa kuogopa kwamba risasi zake zingewafaa waasi. Kila mtawala aliyeogopa raia zake alitazama kwanza ukubwa wa mitutu.

Mwaka 1947 mwindaji mashuhuri wa chui na simba-marara, Jim Corbett, alihama India akaja kukaa Nyeri. Yeye pia alikuwa na bunduki ndogo ya Rigby yenye komeo la Mauser, aliyopewa zawadi mwaka 1907 baada ya kumwua simba-marara wa Champawat, aliyesemekana kuwa amewaua watu 436. Uzeeni alipenda zaidi kutazama wanyama na kuwapiga picha. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alikuwa Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, pamoja na Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza; na usiku ule ule mfalme alifariki, binti akawa malkia.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa. Vijana wa Nyeri, Murang'a na Kiambu waliingia katika misitu ile ile ya Roosevelt na Corbett, na swali letu likarudi kwa ukali mpya. Bunduki za kiwandani walizoziteka au kuziiba zilikuwa chache. Baadhi ya viongozi wao, kama Waruhiu Itote aliyeitwa Jenerali China, walikuwa wamepigana Burma upande wa Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, wakaijua bunduki nzuri ni ipi. Lakini kujua si kupata. Basi mafundi wa msituni walitwaa mabomba ya maji, makomeo ya milango, vipande vya mpira na mbao, wakaunda bunduki zao.

Tafakari jambo hilo. Komeo ambalo Mauser alilifanyiza kwa chuma kilichopimwa kwa uangalifu sasa lilikuwa komeo la mlango hasa. Bomba lililotengenezwa kwa ajili ya maji lilitakiwa kustahimili nguvu ya baruti. Ndani ya mtutu wa kiwandani imo mifereji iliyopindwa, ambayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Ndani ya bomba hakuna mifereji, na risasi huyumba mara inapotoka. Mara kwa mara bunduki hizo zilipasuka, zikamjeruhi mwenye kuzishika kuliko adui aliyekuwa mbele. Hiyo ndiyo iliyokuwa bunduki nafuu kuliko zote zilizopata kuingia katika milima hii, na hakuna aliyelipa gharama kubwa zaidi kuliko mwenye nayo. Tangu mwaka 1953 kukutwa na silaha au risasi kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Katika vita vile zaidi ya watu 1,000 walinyongwa, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu, bali kwa kukutwa na silaha au risasi, au kwa kufuatana na waliokuwa nazo. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, alihukumiwa kwa sababu ya bastola na risasi zake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, uwindaji wa leseni uliendelea kwa miaka kadhaa. Kisha Mei 1977 serikali ya Kenya iliupiga marufuku. Tangu hapo swali la bunduki gani ifae kuwindia wanyama wakubwa limekosa jibu la halali katika nchi yetu. Majangili hawakutii. Bunduki za kijeshi zilizoenea kutokana na vita vya nchi jirani zilipatikana kwa urahisi, na kufikia mwaka 1989 tembo wa Kenya walikadiriwa kuwa kama 16,000 tu. Leo msitu wa Nyandarua umezungukwa na ua wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, ili tembo wasivamie mashamba na watu wasiingie ovyo msituni.

Basi, msomaji, utakaposikia watu wakishindana kuhusu chombo kilicho rahisi, kiwe bunduki, gari au mashine nyingine yoyote, usitosheke kuuliza bei. Bei huandikwa dukani, na mnunuzi huilipa siku moja. Uliza pia ni nani aliyeruhusiwa kununua, na ni nani aliyezuiwa. Na chombo kikiharibika, kitamwumiza nani. Tena waulize wazee wa kwenu, maana Kiriaini, Othaya na Nyeri bado wako waliosikia habari za bunduki za mabomba kutoka kwa baba na mama zao. Yaandike wanayokuambia, pamoja na majina ya mahali na miaka, kabla hayajapotea.