Vidole kupauka wakati wa baridi: Si kila mara damu 'haitembei'

MWEZI Julai unapowadia, wakazi wa milima ya Mbooni na Kilungu, Kaunti ya Makueni, huamka wakiwa wamejikunyata, ilhali wenzao wa Kibwezi na nyanda za chini za Kitui hawaijui sana baridi hiyo. Asubuhi kama hizo si ajabu kumsikia mama aliyetoka kuteka maji akilalamika kuwa vidole vyake vimekufa. Jirani humwambia damu yake haitembei vizuri. Huenda jirani amekosea, na kosa hilo laweza kumgharimu mtu kidole au mguu.

Mnamo 1862, daktari Mfaransa Maurice Raynaud alieleza hali ambapo mishipa midogo ya damu vidoleni hujibana ghafla kwa sababu ya baridi au wasiwasi. Kidole hupauka, kikawa samawati, kisha chekundu damu inaporejea, huku kikichoma na kudunda. Si lazima rangi zote tatu zionekane. Dalili kuu ni kwamba mpaka kati ya sehemu iliyopauka na iliyo nzima huwa wazi, na mkono ukipata joto hali hiyo hutoweka, mara nyingi kwa dakika chache.

Tatizo ni kwamba maelezo hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa Mwafrika, weupe huo waweza kuwa kijivu tu, au usionekane kabisa nyuma ya mkono. Tazama kiganja, ncha za vidole na nyama iliyo chini ya kucha. Mwenye simu yenye kamera apige picha papo hapo, kwani atakapofika hospitalini Wote au mjini Kitui, huenda mikono imesharejea hali yake.

Mishipa iliyoziba ni jambo jingine. Huwapata zaidi wazee, wavutaji sigara na wenye kisukari au shinikizo la damu, na aghalabu hushika miguu. Unyayo hubaki baridi hata kwenye jua kali la Mutomo. Shavu la mguu huuma mtu akitembea na hutulia akipumzika. Vidonda navyo hukataa kupona.

Mikono iliyo baridi tu, bila kubadili rangi wala kufa ganzi, kwa kawaida si ugonjwa, ingawa upungufu wa damu waweza kuileta. Ganzi isiyoisha huelekeza kwenye neva, hasa kwa mgonjwa wa kisukari au ukoma.

Raynaud inayoanza ujanani katika mikono yote miwili kwa kawaida haina madhara makubwa. Ikianza baada ya miaka 40, ikishika mkono mmoja, au ikija na vidonda, ngozi kukakamaa na maumivu ya viungo, daktari hana budi kuchunguza magonjwa kama lupasi. Wanaotoboa miamba kwa mashine zenye mtetemo wamo hatarini pia. Dawa kama propranolol na atenolol zaweza kuchochea hali hiyo, lakini mgonjwa asiziache bila kumwuliza daktari.

Kinga ni kuvaa glavu na soksi, kuupasha mwili wote joto na kuacha sigara. Wanaosumbuka sana huweza kupewa nifedipine. Usiweke vidole vyenye ganzi juu ya jiko la makaa, maana vitaungua bila wewe kuhisi. Vitie kwapani au katika maji ya uvuguvugu. Kidole kikigeuka cheusi, au kikibaki kimepauka na kuuma kwa saa nzima ingawa umekipasha joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo.