Mto Naili na Misri ya Kale

Misri ya Kale ilikuwa dola iliyokua kandokando ya Mto Naili na kuunganishwa chini ya mfalme mmoja takriban mwaka 3100 KK. Mvua huko ni haba mno. Riziki yote ilitoka mtoni. Kila mwaka mvua za nyanda za juu za Ethiopia zilijaza Naili ya Buluu, mojawapo ya mito inayounda Naili, na maji yakafunika mashamba ya Misri kwa wiki kadhaa. Yalipopwa yaliacha tope jeusi lenye rutuba, na mkulima akapanda ngano na shayiri humo humo. Ndiyo maana Wamisri wenyewe waliiita nchi yao Kemet, yaani nchi nyeusi. Mto mwingine unaounda Naili, Naili Nyeupe, itokayo Ziwa Victoria, ulichangia maji hata miezi ya ukame.

Katika kisiwa cha Elephantine, huko Aswan, bado zipo ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, na ukutani mna alama za kupimia kina cha maji. Alama hizo zilikuwa habari ya uhai na kifo: maji yakipungua, njaa; yakizidi, vijiji vilibomoka. Mto ulikuwa pia njia ya usafiri: mkondo uliteremsha mashua kaskazini, na upepo ukazirudisha kusini kwa tanga. Mafuriko ya kila mwaka yalikoma kufika mashambani baada ya kujengwa Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970.